Tembo Aliyekula Chakula cha Mzazi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, maghala na majirani wambea kama sisi, palikuwa na Nyati jike aitwaye Sikudhani. Alikuwa na ndama mchanga, naye aliishi zizini kwa Tembo.

Kila asubuhi Tembo aliingia na ndoo. Chuu! Chuu! Maziwa yote yakaishia humo. Kisha akamtupia Sikudhani mabua makavu, yeye akaenda ghalani kula majani mabichi, pumba na mashudu.

Sikudhani akakonda, mbavu nje. Ndama akawa analia njaa. Miezi ikapita, mimba nyingine haikuingia.

"Tasa wewe!" Tembo akafoka. "Mvua zikianza hujashika mimba, nakufukuza uende ng'ambo ya mto kwa simba. Ndama anabaki!"

Miguu ilimtetemeka Sikudhani, lakini kichwa hakuinamisha. "Mimi si tasa. Nina njaa! Nipe pumba uone."

"Thubutu! Pumba ni za wakubwa!"

Pimbi, aliyeishi kwenye mawe nyuma ya zizi, aliyasikia yote. Akaja akamnong'oneza: "Dada, ulafi huu utamvimbisha tumbo tu. Kesho nikisema lolote, usicheke."

"Sitacheka. Ila akimgusa mwanangu, nitampiga pembe."

Kesho yake Tembo alibugia pumba kavu kuliko siku zote, akashushia maji mengi. Pumba zikavimba. Tumbo likawa ngoma. Nguru! Nguru! Buuu!

"Mamaa! Nakufa!" akalia, akajibwaga mlangoni mwa zizi.

Pimbi akaweka sikio tumboni. "Lo! Hongera, mjomba!"

"Hongera ya nini?"

"Una mimba!"

"Mimi? Dume zima?"

"Kwani umekula chakula cha nani?"

"Cha... cha ghalani."

"Cha mzazi! Chakula hicho ndicho kinachomrudishia mama nguvu ashike mimba. Yeye hakula, umekula wewe. Ulitaka mimba iingie wapi?"

Buuu! likajibu tumbo.

"Msikie anavyopiga teke!"

Sikudhani akauma ulimi, machozi ya kicheko yakamtoka.

"Niokoe, mpwa wangu! Nitauweka wapi uso?"

"Mimba hufuata chakula. Mpe Sikudhani majani mabichi, pumba, mashudu na chumvi ya kulamba, kila siku. Ndama naye anyonye ashibe. Wewe kula magome ya miti."

Tembo akatii siku ileile. Tumbo likapungua, akazidi kuamini. Sikudhani naye akala, akanenepa, ngozi ikang'aa. Hamu ya dume ikamrudia, akakutana na nyati dume malishoni, na kabla ya mvua akawa mja mzito.

"Imehama! Imenitoka!" Tembo akaruka kwa furaha, nchi ikatikisika. Halafu akalikabili ghala. "Haya, sasa pumba zirudi kwangu."

Sikudhani akasimama mlangoni mwa ghala, pembe mbele. Safari hii miguu ilikuwa imara kama nguzo.

"Njoo uzichukue," akasema.

Tembo akaitazama shingo ile nene. Akasogea hatua moja. Sikudhani akaparua ardhi. Paru! Paru!

"Na ikirudi je, mjomba?" Pimbi akauliza kutoka juu ya jiwe lake.

Tembo akajishika tumbo, akageuka. Puu! Puu! Puu! Akashika njia ya msituni kutafuta magome.

Basi wanangu, anayetaka maziwa ya leo na ndama wa kesho, amshibishe mama kwanza.