Kuchakulo, Kiboko na Mbegu za Majina Matatu

— Paukwa!
— Pakawa!
— Walio nyuma mbona midomo imejaa mihogo? Paukwa!
— Pakawaaa!
— Palikuwa na nini?
— Palikuwa na ghala!
— Ndani ya ghala?
— Mbegu!
— Mbegu za nani?
— Zetu sote!
— Ndivyo mnavyodhani. Haya, kunjeni miguu mpate nafasi, niwasimulie jinsi zilivyokuwa za mmoja.

Hapo kale, na si kale sana, maana simu zilikuwepo na mtandao ulikuwepo, wanyama wa bonde moja walikuwa na ghala la mbegu. Baada ya mavuno kila mnyama alipeleka mbegu. Mvua zikikaribia, kila mnyama alirudi kuchukua za kupanda. Mwanzoni walipanga foleni, wakakanyagana, Sungura akavunjwa kidole. Basi wakatengenezewa tovuti. Unafungua simu, unagusa kitufe, mashine inalia ting, na kule ghalani gunia linashuka, pwaa. Gunia lenyewe ni la kadiri ya mwili wako, na ni moja tu kwa msimu. Unabeba, unakwenda kupanda.

Sasa tegeni sikio, maana balaa lote lilianzia ndani ya tovuti hiyo. Ndani yake kuna maagizo, ambayo husomwa na mashine. Na pembeni ya maagizo kuna maelezo. Maelezo mashine haiyasomi hata kidogo, huyapita kama mtu anavyompita mbwa aliyelala. Huandikwa na fundi wa leo ili fundi wa kesho ajue kitu hiki ni nini na kimewekwa hapa kwa kazi gani.

Fundi wa kwanza alikuwa Bata. Kwao Bata, mbegu anazopewa mnyama akapande huitwa mgao. Akaandika mgao. Akaja Kanga. Kwao Kanga huitwa fungu. Kanga aliliona neno la Bata na hakuligusa, maana kufuta neno la aliyekutangulia ni utovu wa adabu. Akaandika fungu kwenye sehemu zake. Akaja Korongo. Kwao Korongo huitwa posho, na Korongo naye amelelewa. Mgao hakuufuta, fungu hakulifuta, akaandika posho kwenye sehemu zake. Wote watatu walikuwa wakitaja kitu kilekile. Waliheshimiana sana, na maelezo yakawa hayaeleweki.

Kisha wakaajiriwa Mchwa kuwa wajenzi. Mchwa hawaulizi. Mchwa husoma maelezo, kisha hujenga. Wakasoma mgao, wakajenga kitufe cha mgao, kra-kra-kra. Wakasoma fungu, wakajenga kitufe cha fungu, kra-kra-kra. Wakasoma posho, wakajenga kitufe cha posho, kra-kra-kra. Walipomaliza wakapangusa mikono wakaenda zao.

Aliyegundua alikuwa Kiboko, Mwenyekiti wa ghala, ambaye ndiye hufungua msimu na ndiye huchukua wa kwanza. Akagusa mgao: ting, pwaa. Akagusa fungu: ting, pwaa. Akagusa posho: ting, pwaa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akacheka kimoyomoyo. Na gunia la kadiri ya mwili wa Kiboko mnalijua wenyewe. Tena hakupanda hata punje. Alizila zote palepale mtoni, miguu ikiwa majini.

Wanyama walipouliza kwa nini kuna vitufe vitatu, Kiboko alikuwa na jibu.

"Mgao ni wa raia," alisema. "Fungu ni la wazawa wa mtoni. Posho ni ya viongozi. Kwani ninyi hamsomi?"

Wakasoma, na kweli maneno yalikuwa matatu. Wakakubali. Wanyama wakubwa walipata kilichobaki. Wadogo walipogusa mgao, mashine ililia ting, na kule ghalani pwaa haikusikika.

Mmoja wa wadogo hao alikuwa Kuchakulo, wa ukoo wa kindi, mama wa watoto wanne wenye meno makali na matumbo matupu. Msimu uliopita hakupanda. Waliishi kwa mizizi, na mizizi haina shukrani, ukiichimba leo kesho haipo. Safari hii alilima kishamba chake mapema, akang'oa magugu, akalainisha udongo kwa kucha zake mwenyewe. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika milimani. Akikosa mbegu tena itabidi wahame bonde, na njia ya kuhama ina mwewe, na mwewe hachagui mtoto. Kuchakulo aliogopa. Aliogopa hasa.

Basi akaomba kazi ghalani, akapewa ya kutunza maelezo. Alisoma asubuhi, alisoma mchana. Mkia ulimsimama. Alirudi juu, akasoma upya, chaka-chaka-chaka, huku na huko.

"Kumbe ni kitu kimoja," akasema. "Nimekaa na njaa kwa kitu kimoja chenye majina matatu."

Akafanya ambalo mimi na wewe tungefanya. Akafuta fungu, akafuta posho, kila mahali akaandika mgao.

Lo, mama yangu. Kanga alikuja na machozi. "Mwanangu, neno langu limekukosea nini? Hata kuniuliza?" Korongo alisimama kwa mguu mmoja akanuna. Kisha ardhi ikatikisika, ndu, ndu, ndu, na Kiboko akajaa mlangoni.

"Nani amegusa maneno ya wazee?"

"Shikamoo, Mzee. Ni mimi. Nilidhani ni kitu kimoja."

"Marahaba. Ulidhani. Siku hizi watoto mnadhani sana. Huyu Bi Kanga alianza kazi hapa wewe hujazaliwa, leo unamfuta kama vumbi? Rudisha kila neno mahali pake. Na ukirudia, ghala hili utaliona kwa mbali."

Alikuwa mkali kwa ajili ya adabu, Kiboko. Mla vya wenzake hakosi mahubiri. Kuchakulo akarudisha fungu, akarudisha posho, akamwomba radhi Bi Kanga, na Bi Kanga akampa radhi na vijipunje viwili vya mtama. Kuchakulo akaviweka shavuni, akakaa akafikiri. Kumwambia mkubwa kwamba anaiba hakutamfaa. Kuwaambia wazee kwamba wamekosea hakutamfaa. Akafikiri mpaka shavu likauma. Halafu akacheka kidogo, akaenda mtoni.

Ilikuwa imebaki siku moja tu msimu ufunguliwe. Kiboko alikuwa majini, pua na macho juu, ameshiba mawazo ya kesho.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba. Umerudisha?"

"Nimerudisha yote, Mzee. Lakini nimerudi na huzuni."

"Huzuni ya nini tena?"

"Nimesoma maelezo yote, juu mpaka chini. Bata ana neno lake mle ndani. Nikasema sawa, mzee wetu. Kanga ana neno lake. Nikasema sawa, mama yetu. Korongo ana neno lake. Nikasema sawa. Nikatafuta la Mwenyekiti."

Kiboko akatikisa sikio moja. "Enhe?"

"Halipo, Mzee."

"Halipo vipi?"

"Halipo. Ghala ni lako, msimu unaufungua wewe, lakini fundi atakayekuja kesho akisoma mle ndani atamjua Bata, atamjua Kanga, atamjua Korongo. Akikuona wewe atauliza, na huyu ni nani?"

Maji yakatulia. Kiboko alikuwa hajawahi kufikiria kuhusu fundi wa kesho, na sasa alimwona waziwazi, kijana asiyemjua, na moyo ukamuuma kwelikweli.

"Bata," akasema. "Bata ana neno, mimi sina?"

"Ndiyo, Mzee. Na Bata hata jino hana."

"Andika langu!"

"Niliandike wapi, Mzee? Pamoja na yao? Liwe la nne?"

"La nne, mimi?" Kiboko akainuka, maji yakamwagika kando zote. "Yafute yao. Yote. Kila mahali liwe langu."

"Lakini Bi Kanga atalia, na Mzee alinionya."

"Nani atalia mbele yangu? Mwambie ni amri ya Mwenyekiti. Andika hisani. Hisani ya Mwenyekiti. Ili kila anayechukua mbegu ajue zimetoka kwa nani."

"Hisani," Kuchakulo akarudia, akainama chini sana ili uso wake usionekane. "Neno zuri, Mzee. Na lisichanganywe na jingine?"

"Likichanganywa nitakutafuna."

Kuchakulo akakimbia, chaka-chaka-chaka. Akafika, akawaambia wazee. Bata akasema, amri ya Mwenyekiti, mimi nani? Kanga akapangusa macho akasema, kwa mkubwa wangu natoa. Korongo akashusha mguu wa pili. Adabu ileile iliyowafunga mikono ndiyo sasa iliyowafungua. Palipokuwa na mgao akaandika hisani. Palipokuwa na fungu akaandika hisani. Palipokuwa na posho akaandika hisani. Hakuacha hata mahali pamoja, kwa sababu aliamriwa, na pia kwa sababu ya watoto wake wanne.

Alasiri zamu ya Mchwa ikaingia, maana kabla ya kila msimu hurudi kukagua vitufe. Mchwa hawaulizi. Mchwa husoma. Wakafika kwenye kitufe cha kwanza wakasoma: hapa mnyama huchukua hisani, mara moja kwa msimu. Wakafika cha pili: hapa mnyama huchukua hisani, mara moja kwa msimu. Wakafika cha tatu, hivyohivyo.

"Nani kajenga mlango mmoja mara tatu?" akauliza mkuu wao.

"Sisi," wenzake wakajibu.

"Tuliambiwa ni vitu vitatu."

"Sasa tumeambiwa ni kimoja."

Kra-kra-kra, wakaondoa cha pili. Kra-kra-kra, wakaondoa cha tatu. Kilichobaki wakakiandika neno la Mwenyekiti kwa herufi kubwa.

Kesho yake bonde zima lilikusanyika ghalani kushuhudia ufunguzi. Kiboko akaja, ndu, ndu, ndu, shingo imejaa. Akaona neno lake, akavimba. Akagusa: ting, pwaa. Wanyama wakapiga makofi. Akatafuta kitufe cha pili. Akakitafuta juu, akakitafuta chini, akageuza simu kichwa chini. Akagusa kilekile tena, na mashine ikaandika: Umeshapokea hisani yako ya msimu huu. Mwachie mwenzako.

"Kuchakulo," akaita taratibu. "Vingine viko wapi?"

"Vingine vipi, Mzee?"

"Vile vya fungu na posho."

"Vile vilikuwa vya maneno ya Kanga na Korongo, Mzee, na Mzee aliamuru yafutwe. Mzee akitaka navirudisha sasa hivi, mbele ya wote. Nifute hisani niandike fungu?"

Kiboko akafungua kinywa. Nyuma yake Sungura alikuwa tayari anasema, "Asante kwa hisani, Mwenyekiti," na Digidigi, "Mungu akuzidishie, Mwenyekiti," na mtoto wa Kanga alikuwa ameanza kuliimba jina lake. Kiboko akatazama gunia moja, akatazama neno lake lilivyong'aa. Akafunga kinywa.

"Liache," akasema.

Wakagusa wakubwa: ting, pwaa. Wakagusa wa kati: ting, pwaa. Kuchakulo akagusa wa mwisho. Ting. Akasubiri. Pwaa, kagunia kadogo ka kadiri ya mwili wake. Akakakumbatia akalia bila kujificha, kisha akakaburuta mpaka kishambani, watoto wakisukuma kwa nyuma. Walipanda wakicheka. Mvua ikanyesha kabla hawajanawa kucha, na baada ya siku chache udongo ukapasuka, vichwa vya kijani vikachungulia.

"Mama," akauliza mdogo wao, "mbegu hizi nani katupa?"

"Hisani ya Mwenyekiti," akasema Kuchakulo, akaanguka kwenye matope kwa kicheko.

Basi ngano yangu imetua mzigo. Iliyowakolea gawaneni, iliyowakwama kooni nirudishieni.

— Na funzo lake?

Funzo lake liko wazi, hata mtoto anaweza kulibeba. Wasikilizeni wakubwa. Kama si Kiboko kuamuru neno liwe moja, wadogo wangekufa njaa na wazee wangebaki na adabu zao.

— Lakini bibi, si Kuchakulo ndiye aliye...

Kuchakulo ni nani? Someni maelezo ya tovuti ile mpaka leo, juu mpaka chini. Jina lake hamtalikuta. Ana shamba tu.