Vidole Shingoni

Wengi wetu tukiona kitu kimekamilika, hatuulizi kilitengenezwa vipi. Wapo wanaokisifu, na wapo wanaonusa hila. Kelestini alikuwa wa kundi la pili. Hata chai ya mkewe aliinusa kabla ya kunywa. Alikuwa kuli wa mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara, na nahodha wa timu ya makuli ya soka la ndani.

Kila masika, ghala la mpunga likiwa tupu, timu za watu watano watano hushindana humo. Mwaka jana vijana wa Idete waliishiwa pumzi mapema, wakalala chali sakafuni, watu wakawacheka. Mwaka huu walikimbia mwanzo hadi mwisho kama ndiyo kwanza wameingia. Katika mechi ya makundi waliwafunga makuli mabao saba kwa mawili.

"Hawa wametumia kitu," Kelestini aliiambia kamati mbele ya watu. "Mimi nabeba gunia la kilo mia tangu asubuhi. Nani atanishinda pumzi hivihivi?"

Katibu, Mama Eveline, alimtazama kwa utulivu. "Kelestini, umechafua jina la watu. Jumamosi mnakutana nao tena fainali. Lete ushahidi kabla ya filimbi. Ukikosa, huchezi."

Kwa miaka sita Kelestini hakuwahi kukosa fainali, na maneno hayo yalimnyima usingizi. Alhamisi alfajiri alipanda bodaboda hadi Idete, akajibanza kwenye matete kando ya mfereji wa mashamba. Punde vijana wakaja, mbele yao kocha wao, Mwalimu Yosefina, na filimbi yake. Walikimbia kwa kasi juu ya tuta. Filimbi ilipolia walisimama wote, wakaweka vidole viwili shingoni, wakafumba macho, midomo ikichezacheza bila sauti.

Nywele zilimsimama. Wananuiza, alijisemea, akawapiga picha kwa simu.

"Wewe wa kwenye matete, toka," Yosefina alisema bila kugeuka. "Huko kuna ruba."

Kelestini alitoka, uso umemshuka. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nataka kujua wananuiza nini."

Vijana waliangua kicheko, lakini Yosefina hakucheka. "Wanahesabu mapigo ya moyo, nijue kama wamejituma. Dakika nne za kasi, tatu za kutembea, na hivyo mara nne. Ndiyo kazi yetu tangu walipochekwa. Kimbia nao, uionje hiyo dawa."

Alikubali shingo upande, bado akiamini anafichwa jambo. Mzunguko wa kwanza alikwenda nao sambamba. Wa pili kifua kiliwaka moto. Wa tatu aliketi kwenye matope, na mgongo wake uliozoea magunia haukumsaidia kitu. Alipoweka vidole shingoni, mapigo yalikwenda mbio hata akashindwa kuyahesabu. Aliona haya.

Jumamosi ghala lilifurika. "Ushahidi uko wapi?" Mama Eveline aliuliza.

Kelestini aliishika simu mfukoni. Ile picha ya vijana waliofumba macho, vidole shingoni, ingetosha. Nusu ya watu wangeapa kuwa ni uchawi, naye angecheza. Aliitoa simu, akaitazama picha, kisha akaifuta.

"Sina, Mama. Niliwasingizia. Nilikimbia nao, na hadi leo kuchuchumaa siwezi."

Alikaa benchi, akawaangalia makuli wenzake wakihema huku Idete wakichukua kombe.

Jumatatu alfajiri alikuwa kwenye tuta la mto Lumemo na timu yake. Walipopumzika, vidole shingoni, wanawake wawili waliokuwa wakienda shamba walipunguza mwendo.

"Mh, hawa makuli," mmoja alinong'ona. "Wanaroga."

Kelestini aliwasikia vizuri, lakini hakuacha kuhesabu. Alijua sasa kile ambacho akina mama wale hawakukijua: ukiona vyaelea, vimeundwa.