Mwanga Usiotosha wa Nyumba ya Mwakalinga

Kabla hujampelekea mwingine ujumbe huu, usome mwenyewe kwanza ukiwa umetulia.

Mfanyabiashara mmoja wa mbao huko Mbeya, Bwana Mwakalinga, alijenga nyumba iliyosemwa mji mzima. Wengi hawakusifia vyumba wala vigae. Walisifia taa.

Fundi alikuwa amemfungia swichi za ukutani zenye vitufe, akaziseti kwa kompyuta, kila kitufe na kazi yake. Ukibonyeza "Wageni", taa zote za sebule zinawaka kwa pamoja. Ukibonyeza "Chakula", mwanga unahamia mezani. Ukibonyeza "Mapumziko", taa zinafifia taratibu mpaka unahisi usingizi. Mwakalinga alipenda kubonyeza, kisha kuwageukia wageni aone nyuso zao.

Mkewe, Tulinagwe, alikuwa mwanakwaya. Jioni moja alifunga kitabu chake cha nyimbo, akasema, "Baba Ipyana, mwanga wa humu hautoshi."

"Hautoshi? Mama Ipyana, unajua watu wanakuja kushangaa taa hizi?"

"Najua. Lakini maandishi siyaoni."

Maneno hayo yalimchoma Mwakalinga kama mtu aliyetukaniwa nyumba yake. Akamwita fundi. Fundi akafungua kompyuta, akaongeza mwanga wa kila kitufe, akaondoka.

Baada ya muda Tulinagwe akalalamika tena. Safari hii alisema kichwa kinamuuma, na kila taa anaiona imezungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua.

"Taa mbovu hizo," Mwakalinga akakata shauri. Fundi akaitwa, akafokewa, akaongeza tena.

Tulinagwe akaanza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Chai akaimimina nje ya kikombe. Mumewe akamwambia, "Angalia unachofanya!" kisha akampigia fundi simu.

"Mzee, nimefika mwisho," fundi alisema. "Hapa hakuna pa kuongeza."

"Basi kazi imekushinda!"

Akamfukuza, akamleta fundi mwingine. Huyo akang'oa taa zote, akaweka kubwa zaidi, akaziseti upya. Alipomaliza, Mwakalinga akabonyeza "Wageni" na kumgeukia mkewe.

"Haya sema. Sasa?"

Tulinagwe akasema, "Sasa naona vizuri. Asante, mume wangu."

Mwakalinga akatamba sokoni kwamba fundi wa kwanza alikuwa tapeli.

Wakati wa Pasaka, Atupele, mdogo wake Tulinagwe, alikuja kuwatembelea kutoka Tukuyu. Aliingia sebuleni jioni, akafunika uso kwa kiganja.

"Shemeji, mbona humu kama uwanja wa mpira? Taa zinaumiza macho!"

Tulinagwe aliyekuwa ameketi kochini, hatua chache mbele yake, aligeuza kichwa kuifuata sauti.

"Nani huyo? Baba Ipyana, mgeni amesimama gizani. Mwashie taa."

Atupele akapiga magoti mbele ya dada yake, akapitisha mkono mbele ya macho yake. Macho hayakupepesa.

Hospitalini, daktari aliyempima aliwaambia kuwa ni presha ya macho. Angewahi, matibabu yangeuzuia ugonjwa. Uoni uliopotea haurudi.

"Alianza kulalamika lini?" daktari aliuliza.

"Hakulalamika kuhusu macho," Mwakalinga alijibu. "Alilalamika kuhusu taa."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikaongeza taa."

Daktari akaweka kalamu chini.

Walipofika nyumbani, Mwakalinga alimshika mkewe mkono. "Kwa nini uliniambia unaona vizuri?"

"Kila niliposema sioni, uligomba," Tulinagwe alijibu. "Nikachoka. Nikakupa jibu ulilolitaka."

"Nisamehe, mke wangu. Nitakufanyia lolote."

"Basi nipeleke kwa Atupele."

"Hapa ni kwako! Utakosa nini hapa?"

"Nikimwambia Atupele naumwa kichwa, ananishika kichwa."

Kesho yake Mwakalinga alimpeleka Tukuyu mwenyewe. Atupele aliwapokea mlangoni, akamshika dada yake kiwiko na kumwingiza ndani taratibu, akimwambia palipo na ngazi. Mwakalinga alibaki uani ameshika begi la mkewe, akisubiri kuitwa. Alikuja mtoto wa jirani kulichukua begi.

Funzo: Mtu wako anapolalamika, usikimbilie kukitetea kitu chako, mwangalie yeye kwanza. Ukimzoesha kwamba ukweli wake unakuudhi, atakupa uongo wa kukutuliza, na siku utakayoutaka ukweli utakuwa umechelewa.