Hodi ya Mbaruku Hondohondo

Paukwa.

Pakawa.

Nani huyo anaitikia huku mdomo umejaa kunde mbichi? Kunde tunaziambua ziingie chunguni, si tumboni. Haya, tena. Paukwa kwa aliyeshiba.

Pakawa.

Na kwa mwenye njaa je?

Pakawa vilevile.

Basi sogezeni ungo, mikono iendelee na kazi, masikio niachieni mimi.

Hapo zamani za kale, wanyama na ndege walipokuwa wakisemezana kama mimi na ninyi, palikuwa na hondohondo mmoja aitwaye Mbaruku. Hondohondo mnamjua. Ni yule ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa kama wa jirani yetu fulani ambaye simtaji. Akiruka, mabawa yanavuma mpaka mtu aliye kisimani anainua uso.

Sasa hondohondo wana desturi yao. Mke akikaribia kutaga huingia katika tundu la mti. Mume humletea udongo, na mke huziba mlango kwa ndani, akaacha ufa mwembamba tu wa kupitishia ncha ya mdomo. Humo ndani manyoya yake hupukutika. Hawezi kuruka, hawezi kutoka. Kula yake ni ile anayoletewa na mumewe kila siku, mpaka manyoya yaote upya na watoto wakue.

Mume akifika hugonga hodi kwa mdomo. Na kila mume ana hodi yake, anayomfundisha mkewe siku za uchumba, ili mke asije akamtolea mdomo nyoka. Hodi ya Mbaruku ilikuwa hivi: tok, tok, halafu kimya kidogo, halafu tok. Mkewe, Mwanasiti, alipoisikia mara ya kwanza alicheka sana. Alisema ni hodi ya mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Lakini hodi ile haikupata kugongwa mlangoni kwake. Tundu lilikuwa tayari, udongo umeshaletwa, Mwanasiti akashikwa na homa. Siku ya nne akafa. Donge la udongo likakaukia pale mlangoni.

Mbaruku akabaki mgane. Ndege wenzake walikuja kumpa pole, wakakaa naye siku saba, kisha kila mmoja akarudi kwa shughuli zake. Hawakuwa wabaya, jamani. Watoto wao walikuwa na njaa. Lakini Mbaruku alikaa juu ya tawi lake asubuhi, mchana akawa palepale, jioni palepale. Akajiuliza: naamkia nini mimi?

Akaenda kuwauliza wenzake.

Alimwendea kwanza Nyegere. Akamuuliza, "Ndugu yangu, wewe unaamkia nini?" Nyegere akamjibu kuwa yeye huamkia asali, na akamkaribisha waende pamoja. Mbaruku akaenda. Asali ikamganda mdomo juu na chini, akashinda siku nzima hawezi hata kupiga chafya. Akaona hili si lake.

Akawaendea Siafu. Akawauliza, "Ndugu zangu, ninyi mnaamkia nini?" Siafu wakasema huamkia safari, mmoja nyuma ya mwenziwe. Mbaruku akajipanga mstarini. Kila akiuliza wanakwenda wapi, wa mbele anamwambia aulize wa mbele yake. Akachoka, akatoka.

Akamwendea Kobe. Akamuuliza, "Mzee wangu, wewe unaamkia nini?" Kobe akafikiri mpaka kivuli kikahama. Kisha akasema yeye huamkia jua, likichomoza anatoa kichwa, likichwa anakirudisha. Mbaruku akajaribu kulitazama jua. Likamtoa machozi, na machozi yalikuwa yamemjaa tayari, basi akalia pale mbele ya Kobe bila kuona haya.

Akarudi kwake. Akasema moyoni mwake kwamba kesho hatatoka. Akikaa hivyo siku chache, mambo yatakwisha yenyewe.

Kimya, nani anakoroma? Si bado mchana? Haya.

Asubuhi yake Mbaruku hakutoka. Jua likapanda. Ndipo akasikia kitu kikikwaruza, kwaru, kwaru, kwenye mvule wa jirani. Akajaribu kutosikia. Kikakwaruza tena. Akaruka kwenda kuangalia, si kwa huruma, wanangu, nisiwadanganye, ila sauti ile ilimnyima usingizi.

Akaona ufa, na nyuma ya ufa jicho. Alikuwa Bi Chausiku, mke wa Shomari. Shomari alikuwa amekwenda kutafuta chakula, Kipanga akamkamata njiani. Habari hizo msitu mzima ulizijua, na Mbaruku naye alizisikia, lakini katika msiba wake mwenyewe zilimpita. Hakuna aliyekumbuka kuwa mlangoni mwa Shomari kuna mtu amezibwa ndani. Na Chausiku alikuwa na makinda wawili, wametotolewa jana. Akivunja ukuta ataanguka chini bila manyoya, na fungo mwenye njaa yuko chini ya mti. Asipovunja watakufa kwa njaa, yeye na wanawe.

Mbaruku akaenda mkuyuni, akachuma makuyu matatu, akarudi. Akaita kwa jina, akasema ameleta chakula. Chausiku akarudi ndani, hakutoa mdomo. Kila nyoka husema ameleta chakula.

Siku ya pili Mbaruku akafanya ujanja. Hodi ya Shomari alikuwa akiisikia zamani, tok-tok-tok, haraka kama mvua ya kwanza juu ya bati. Akaigonga vilevile. Chausiku akaja mbio, moyo unamruka, akatoa mdomo. Alipogusa mdomo wa mgeni akajua. Akamdonoa Mbaruku karibu na jicho, damu ikamtoka. Kisha akalia humo ndani, na makinda wakalia naye.

Mbaruku akaona aibu kubwa. Alijua jinsi inavyouma kungoja mtu asiyekuja, na yeye ndiye aliyemfanyia mwenziwe hivyo.

Siku ya tatu akarudi. Akakaa juu ya tawi muda mrefu. Kisha akagonga hodi yake mwenyewe, ile iliyokuwa haijapata mlango. Tok, tok. Kimya kidogo. Tok.

"Nani wewe?" Chausiku akauliza.

"Mimi si mumeo. Mumeo hatarudi, Bi Chausiku, Kipanga amemchukua. Mimi ni Mbaruku, mgane wa Mwanasiti. Sina lolote, ila haya makuyu."

Chausiku akasogea karibu na ufa. Halafu akauliza, "Utakuja na kesho?"

Mbaruku hakutaka kusema uongo mara ya pili. Akasema, "Kesho siijui. Nimekuja kwa leo tu."

Ncha ya mdomo ikatokeza ufani. Mbaruku akampa kuyu moja, akampa la pili, akampa la tatu.

Kesho yake akaja. Chausiku akamuuliza kama atakuja kesho, naye akajibu, "Leo tu." Kesho kutwa akaja, akajibu, "Leo tu." Wiki zikapita, makinda wakawa wakisikia hodi ile wanapiga kelele kabla ya mama yao. Naye Mbaruku bado ni leo tu, leo tu, utadhani amelishwa kiapo.

Makuyu ya karibu yakaisha, akayafuata ng'ambo ya bonde. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, akaenda na mvua. Kipanga alipita juu, naye akajibana majanini, kisha akatoka akaendelea. Asubuhi moja alikuwa amefika katikati ya bonde, mdomo umejaa panzi, ndipo akakumbuka kuwa zamani alikuwa akijiuliza naamkia nini. Alikuwa hajajiuliza tangu lini? Hakukumbuka. Bado alimlilia Mwanasiti, tena hata pale angani alimlilia, lakini alilia huku akiruka, kwa sababu panzi walikuwa wanangojwa.

Ikafika siku ya kuvunja ukuta. Chausiku alikuwa ameota manyoya mapya, yanang'aa. Akadonoa udongo, ukaanguka vipande vipande. Akatoka, akashindwa kwanza kufumbua macho kwa mwanga. Nyuma yake wakatoka wawili, wa kiume aliyeitwa Kheri, na wa kike aliyeitwa Sikudhani. Msitu mzima ukaja kuona, hata Kobe alifika, ingawa alifika wenyewe wameshaondoka.

Chausiku akamshukuru Mbaruku mbele ya watu wote. Mbaruku akapokea shukrani, akatabasamu, akaruka kurudi kwake. Lakini moyoni aliogopa. Mlango umevunjika, na hodi yake haina tena pa kugongwa. Usiku ule alilala akiwaza kwamba ile leo tu imefika mwisho.

Asubuhi hakutoka. Jua likapanda. Akafumba macho.

Akasikia kwenye tawi lake: tok, tok. Kimya kidogo. Tok.

Akafumbua macho. Alikuwa Sikudhani, amesimama ovyo kwa kuwa kuruka alikuwa hajakuzoea, na mdomoni ana kuyu moja, limepondeka upande. Mtoto yule tangu azaliwe gizani alizoea hodi moja tu ulimwenguni. Kwake yeye, mtu akipenda mtu ndivyo anavyogonga.

"Mjomba," akasema, "leo umechelewa. Mama anasema kama hujisikii kuja, tutakuja sisi."

Mbaruku akapokea lile kuyu. Akalila lote, na upande uliopondeka. Kisha akakunjua mabawa yake, na aliyekuwa kisimani akainua uso.

Basi, wanangu, hadithi yangu inasema hivi. Ukiwa umechoka na maisha, usizunguke kuuliza wengine wanaamkia nini, maana asali ya Nyegere itakugandisha mdomo bure. Wala usingoje moyo upone ndiyo uinuke. Inuka nao hivyohivyo unavyouma, mtafute anayekwaruza karibu yako, umgongee kwa hodi yako mwenyewe, si ya kuazima. Fanya ya leo tu. Kesho nayo ikifika itaitwa leo.

Hadithi yangu imekwisha, na ungo umekwisha. Ikiwa ilikuwa tamu, gawaneni na waliobaki nyumbani. Ikiwa ilikuwa chachu, nirudishieni mwenyewe, nitaitia chumvi. Sasa nani anakwenda kumpelekea bibi wa nyumba ya pili bakuli lake la kunde? Na ukifika, ugonge mlango.

Tok, tok.

Haya, malizieni.