Kwa Nini Mitumbwi ya Kwamgaya Huzunguka Katikati ya Mto

Zamani, kabla mto haujawa mpana hivi mbele ya Kwamgaya, palikuwa na kisiwa katikati yake, na kisiwani palikuwa na viwanja vya michezo. Watu walivijia kutoka mbali, wengine wakianza safari alfajiri. Siku hizo mitumbwi ilivuka moja kwa moja. Hakuna aliyeangalia nyuma.

Viwanja vile vilijengwa na Kilua, fundi seremala, pamoja na mkewe Zena. Chini ya mikuyu palining'inia mabembea ya kamba, na kulikuwa na kibanda cha vioo ambamo mnene alijiona mwembamba na mfupi akajiona mrefu. Lakini kilichowavuta watu hasa ni bembea la duara. Kilua alichimba bwawa kando ya mto, akaweka humo jukwaa la mbao lililoelea juu ya mapipa matupu, pana kama ua wa nyumba. Juu yake alichonga wanyama wa kupanda: viboko, swala, na mabata wakubwa wenye shingo ndefu. Wanaume walilizungusha taratibu kwa miti mirefu. Waliopanda walisema ni kama kuota huku uko macho; miti inapita, maji yanapita, nyuso za ndugu zinapita na kurudi.

Zena ndiye aliyewapanga watu ili jukwaa lisielemee upande mmoja. Yeye mwenyewe hakupanda, maana kichwa kilimzunguka.

Basi, alasiri moja ya sikukuu ya Idi, mto ulibadilika rangi. Kwamgaya hakukuwa na wingu, lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Maji yalipanda kimya kimya, mekundu, yakabeba daraja la kamba, yakabeba na mitumbwi. Mikuyu ya ukingoni ikaanza kung'oka. Bwawa na mto vikawa kitu kimoja, na kilichobaki kinaelea ni bembea la duara tu.

Zena akaanza kuwapandisha watu, kila mmoja mahali pake. Bibi Mkande, aliyekuja na wajukuu zake, aligoma.

"Mimi na umri huu nipande bata?"

"Panda, bibi. Bata anaelea."

Bibi Mkande akapanda.

Zikabaki kamba zilizolishika bembea. Huku zilifungwa chini ya mapipa, ndani ya maji. Kule zilifungwa kwenye nguzo ndefu ya ukingoni, na mafundo yalikuwa yamekazwa na mkondo. Kilua alikuwa tayari kwenye nguzo, maji kiunoni, panga mkononi.

"Nikikata ya mwisho nitarukia," alisema.

Zena alijua kamba ya mwisho haitampa nafasi hiyo. Aliona kuwa Kilua naye anajua.

"Mpe mwingine hilo panga, Kilua."

"Nimpe nani?"

Zena akawatazama watu. Kila mmoja alikuwa amekumbatia mtoto wa mtu. Akapanda.

Kamba ya mwisho ilipokatika, bembea liliruka kama lililosukumwa, likaingia mtoni likizunguka. Wanaume wakaingiza miti majini walizuie, likainama.

"Acheni lizunguke," Zena alisema. "Tulieni mlipo."

Wakaacha. Likazunguka polepole, kisiwa kikaja, ng'ambo ikaja, kisiwa kikaja tena. Mara ya kwanza Zena alimwona Kilua amekwea juu ya nguzo, ameikumbatia, mkono mmoja ameuinua. Mara ya pili maji yalikuwa yamemfika miguuni, na mkono bado uko juu. Mara ya tatu ilionekana nguzo peke yake. Zena alimhamisha mtoto mmoja upande wa pili, kwa sababu huku kulikuwa kumezidi uzito.

Bembea likakwama kwenye matope ya Kwamgaya. Hakupotea hata mtu mmoja wa waliolipanda. Maji yalipopungua, kisiwa hakikuwepo.

Mitumbwi ilipoanza tena kuvusha watu, Zena alipanda wa kwanza. Walipofika katikati akamwambia mpiga kasia, "Geuza, baba, uzunguke. Siku ile nilitazama huku nikiwa na watu wa kuwaangalia. Leo nataka kutazama tu."

Yule mzee akauzungusha mtumbwi duara zima, pole pole, Zena akatazama mpaka akaridhika. Safari iliyofuata Bibi Mkande naye akaomba hivyo hivyo, kisha wajukuu zake, kisha hapakuwa tena na haja ya kuomba.

Na tangu siku hiyo, mtumbwi wa Kwamgaya ukifika katikati huzungushwa duara moja, kila abiria akatazama alikotoka, ndipo uendelee. Wageni wenye haraka hudhani mpiga kasia amepotea, nao huanza kunung'unika. Wenyeji huwaomba wasubiri kwanza mtumbwi umalize kugeuka, kisha huwasimulia habari za Kilua.