Gulbaz Khan na Risasi ya Furaha

Tulieni, watu wa Spinoba, ninyi mnaokunywa maji ya mfereji kila siku bila kujiuliza yalifikaje hapa. Leo nawasimulia habari za aliyetufanya kuwa watu wamoja, na asiwepo wa kunikatiza.

Katika zama za babu zetu, Pakistani ilipokuwa ingali nchi changa na bonde hili halina barabara wala jina kwenye ramani, aliishi Gulbaz Khan, mwana wa Sarmast, mwana wa Torak, wa ukoo wa Barkhel, wale wa juu wanaokaa penye chemchemi. Alikuwa pande la mtu. Milangoni aliingia kwa kuinama, na farasi alianza kuhema alipomwona tu akija na tandiko.

Aliingia jeshini hajaota ndevu, akastaafu akiwa Jenerali mwenye ndevu nyeupe. Huyo ndiye aliyelishika pito la theluji, njia ya kuvukia milima, majira mazima ya baridi, askari wake wakitafuna ngozi za mikanda naye akitafuna wa mwisho, hata adui akachoka akaenda zake. Ndiye aliyeitwa Mlinda Pito, Asiyerudi Nyuma. Lakini nawaambia, vita vilivyomtia hofu Gulbaz Khan ni vile alivyovikuta nyumbani.

Kwa maana Barkhel walikuwa wameyafunga maji. Kuzkhel, ndugu zetu wa chini, walikuwa wakinywa matope, mashamba yao ya ngano yamekauka, na kila aliyepanda na ndoo alipigwa risasi, na kila aliyempiga risasi alilipiziwa kisasi. Haji Mamur, mkubwa wa Kuzkhel, alikuwa amewazika wanawe wote. Mzee huyo hakulia tena. Alikaa tu na bunduki mapajani akitazama juu.

Jenerali akateremka peke yake, akiwa amebeba jiwe kifuani, jiwe ambalo wanaume wa leo hamlitikisi. Akalitua mpakani mbele ya koo zote mbili. Hiyo ndiyo desturi yetu ya tiga: jiwe likiwekwa, bunduki zinanyamaza mpaka liondolewe.

“Jiwe litakaa hapa mpaka mfereji ufike chini,” alitamka. “Atakayefyatua risasi, nyumba yake itachomwa, naye atatoka bondeni asirudi.”

Haji Mamur akauliza, “Na risasi ikitoka kwa watu wako, Jenerali?”

“Nyumba ya mvunja jiwe itachomwa, awe awaye yote.”

Basi wakachimba. Kuzkhel walichimba kutoka chini, Barkhel kutoka juu, bunduki zimeegemezwa kwenye mawe mahali ambapo mkono ungezifikia upesi. Hawakusalimiana. Sururu ikiteleza na kulia juu ya mwamba, wote waliruka, kisha wakatazamana kwa chuki na aibu, wakaendelea. Gulbaz Khan alikuwa akitembea katikati yao kutwa kucha, hali vizuri, halali vizuri, akihesabu nyuso na kuogopa vijana wenye damu moto. Aliwaogopa wote isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyepaswa kuogopwa.

Ilikuwa asubuhi, mfereji umebakiza kipande kama urefu wa uwanja huu. Mkaza mwanawe alikuwa akiumwa uchungu, na Jenerali alikuwa amekwenda nyumbani, anazunguka uani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Msicheke, hata majenerali huwa hivyo. Mkewe, Bibi Gulalai, akatokeza kichwa mlangoni akapaza sauti: “Khan! Tumejaliwa mwanamume!”

Na ninyi mnajua wanaume wa milimani walifanya nini zama hizo mtoto wa kiume alipozaliwa. Mkono ulijiendea wenyewe. Akaitwaa bunduki ukutani, akaielekeza mbinguni, akafyatua kwa furaha yote ya moyo wake.

Bonde likaitika mlio ule, kisha likanyamaza, na katika kimya hicho Jenerali akasikia vyuma vya bunduki vikikokwa chini mferejini. Ndipo alipolikumbuka jiwe.

Watu wake wakamkimbilia. Mmoja akasema tumsingizie mtumishi. Mwingine akasema furaha si vita. Jenerali akateremka mikono mitupu, mitutu ya Kuzkhel ikimfuata hatua kwa hatua, hata akasimama kando ya jiwe.

“Risasi ilikuwa yangu,” alisema. “Nimepata mjukuu, nikasahau.”

Haji Mamur akashusha bunduki. Mzee yule asiyelia akalia. “Hata mimi ningefyatua,” alisema. “Rudi nyumbani, Khan. Tumekusamehe.”

“Ukinisamehe mimi leo kwa furaha, Haji, kesho watakuja wenye hasira kudai msamaha huohuo. Ichomeni nyumba yangu.”

Hakuna aliyethubutu. Basi aliichoma mwenyewe nyumba ya baba yake, baada ya kumtoa mzazi na kichanga chake, na Bibi Gulalai akasimama uani bila kumsihi, maana alimjua mumewe. Jenerali akampakata mjukuu mara moja tu, akamweka mikononi mwa Haji Mamur aliyekuwa amemfuata hadi pale, mtu aliyekuwa hana tena mtoto nyumbani. “Mlee kama wako, pamoja na mama yake,” alimwambia. Kisha Mlinda Pito akalipanda pito la theluji, Asiyerudi Nyuma, na kweli hakurudi. Theluji ilianguka siku ile, ikafuta nyayo zake. Kaburi lake hatulijui, na jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Maji yalifika chini kabla ya mavuno. Jiwe halikuondolewa, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuligusa. Mtoto yule alikulia kwa Kuzkhel, akaoa huko, na kutoka kwake tumetoka sisi tusioweza tena kusema nani wa juu na nani wa chini.

Ndiyo maana Spinoba mtoto akizaliwa, wa kiume au wa kike, hakuna bunduki inayolia. Baba hutoka uani, akachukua mawe mawili, akayagonganisha. Mimi niligongewa. Nawe uliyeketi hapo, uligongewa.