Mikono ya Getini

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mmoja na woga wa kuwatosha watoto kumi. Sisi tulioanza kulea juzijuzi tunamfahamu hata kabla hajatajwa jina.

Jina lake Asteria. Mwanawe, Festo, alizaliwa njiti, mdogo mpaka manesi wakamvalisha soksi ya mtu mzima ikawa kofia, na ingawa sasa alikuwa amenenepa, mikono ina vifundo vya nyama, mama yake bado alimwona yule wa soksi. Akilala, anamsogezea kidole puani asikie pumzi. Akinyamaza, anaogopa, akilia, anaogopa. Mumewe alikuwa utingo wa lori la safari ndefu, nyumbani anapita kama mgeni, na siku moja akamwambia, "Mama Festo, huyo mtoto utamfuta kwa kumshika," akacheka, akapanda lori lake. Asteria hakucheka.

Mji waliokaa ulikuwa mji wa viwanda, na Asteria alizaliwa humohumo, kwenye kota za kiwanda cha nguo. Utoto wake wa pale ndio uliokuwa mali yake. Alikuwa akiusimulia kwa yeyote aliyekaa kumsikiliza, na akianza hapumui: kwamba mtaro uliopita nyuma ya kota ulibadilika rangi, ukipitisha maji ya bluu watoto wanajua ndani wanatia rangi sare za shule, ukipitisha mekundu wanajua kanga za sikukuu zimekaribia, nao wanachovya miguu wapate viatu vya rangi, kwamba akina mama wakitoka zamu vumbi la pamba limewajaa kichwani na kwenye nyusi, wameingia vijana wametoka vikongwe, na watoto wanawakimbilia wakiita, "Bibi, shikamoo," na wao wanaitikia kwa sauti ya kutetemeka, kwamba vitambaa vyenye kasoro viligawiwa wafanyakazi, basi mtaa mzima unavaa ua moja, na mama mwenye hasira akimwona mtoto kwa nyuma anamchapa, akigeuka si wake, naye hamwombi radhi, anamwambia, "Hiyo kampelekee mwenzako."

Lakini zaidi ya hayo yote alikumbuka mikono. Mama yake alikuwa kiwandani, mama wa kila mtu alikuwa kiwandani, na bado hakukumbuka hata siku moja aliyokaa bila kubebwa. Alikula kwa huyu, akalala kwa yule. Mgongo wa Mama Sikudhani, mwenzake mama yake wa kiwandani, ulinukia mafuta ya mashine, na mpaka ukubwani Asteria akipita gereji yoyote ile harufu inamtia usingizi. Kwa utoto huo alimshukuru Mungu kila alipopiga magoti, na alishukuru kweli.

Mama yake akafariki. Baada ya muda kiwanda kikamwita Asteria, kwamba kuna nafasi kwenye chumba cha kusokota nyuzi, mlemle alimofanya kazi mama yake. Alilia kwa furaha. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa, na hakuna kazi nyingine iliyowahi kumwita. Asubuhi akamfunga Festo kifuani, akaenda getini.

Sasa, pale getini kulikuwa na desturi. Zamu ya usiku inapotoka na ya asubuhi kuingia, mama anayetoka hupokea mtoto wa mama anayeingia, akakaa naye nyumbani mpaka mwenziwe atoke. Hakuna anayesema "nipe". Anayetoka husimama kando ya ukuta, hukunja kanga yake na kuilaza juu ya mikono yote miwili, akangoja. Mwenye mtoto ndiye anayekwenda, ndiye anayemlaza pale. Walisema mama akiombwa mtoto atampa kwa haya, na mtoto aliyetolewa kwa haya humfanya mama yake akate vidole kwenye mashine, maana macho yako kwenye uzi na roho iko nje. Kwa hiyo hawakuomba. Walikunja kanga, wakanyamaza.

Asteria hakuijua desturi hiyo. Mtawashangaa waliolelewa nayo wasiijue, lakini ilikuwa hivyo: alipopelekwa getini alikuwa mchanga, na watoto waliokwisha kutembea hawakupelekwa tena, walibaki uani kwa mama wa zamu. Alikumbuka mikono ilipomshika. Hakukumbuka alifikaje mikononi.

Basi akasimama na mtoto wake, akingoja mtu aje aseme, "Lete huyo." Mbele yake, ukutani, wanawake walikuwa wamesimama na kanga zao, akadhani wamechoka na zamu, wanajikunjia nguo. King'ora kikalia. Geti likafungwa. Akarudi nyumbani.

Jioni, kwenye foleni ya bombani, akasema kwa uchungu, "Watu wa siku hizi roho zimekuwa ngumu. Zamani mtoto alikuwa wa wote. Leo nimesimama pale na kichanga, hakuna hata mmoja aliyenisogelea."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasogeza ndoo yake, akasema, "Hiyo zamani, shoga, ina mabega makubwa. Kila mtu anaitwika." Wengine wakacheka chinichini, Asteria akajua wanamcheka woga wake, akateka maji yake akaondoka na ndoo nusu.

Kesho yake ikawa vilevile, ila msimamizi alitoka nje ya geti akamwambia kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali: "Dada, mama yako nilimheshimu, ndiyo maana nimekungoja. Lakini kesho king'ora kikilia uko nje, naita mwingine. Unawaona wale?" Akamwonyesha wasichana waliokaa juu ya mawe ng'ambo ya barabara, wakisubiri mtu asiingie.

Siku ya tatu Asteria alifika mapema. Festo alikuwa macho, anamvuta kitufe cha blauzi. Zamu ya usiku ikatoka, na miongoni mwao Mama Sikudhani, ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Mashine zilikuwa zimemla masikio, kwa hiyo aliongea na kila mtu kama anaita ng'ambo ya mto. Akaegemea ukuta, akakunja kanga, akailaza mikononi, akamtazama Asteria. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi. Alitaka kwenda kulala, lakini alisimama pale.

Ndipo Asteria alipoitazama ile kanga akaelewa. Akaelewa kwamba kila asubuhi, huku yeye akiililia ile mikono ya zamani, ilikuwa mbele yake imenyooshwa. Na kuelewa hakukumsaidia kitu. Miguu haikwenda. Akasema, "Mama Sikudhani, siwezi. Mama yangu alikuwa na moyo, mimi sina. Siwezi."

Mama Sikudhani akatega sikio, akamtaka arudie, akarudia, na geti zima likasikia jibu.

"Moyo? Mama yako wewe? Mama yako alikuwa hauachii mguu wako! Kila siku ya Mungu mimi huku nimekushika mabega, yeye kule kang'ang'ania mguu, wewe katikati unalia, mpaka king'ora kilie ndipo aachie. Na kesho anakuleta tena."

Wanawake wakacheka, hata mlinzi akacheka. Asteria alisimama kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu asiyemjua. Akaenda ukutani. Akamlaza Festo juu ya kanga, na mkono wake mmoja ukabaki umeshika kisigino, na Mama Sikudhani akamwachia akishike, hakumvuta. King'ora kikaanza kulia. Kikalia kirefu, jinsi kinavyolia siku zote, na kabla hakijakata, Asteria akafungua vidole.

Akaingia. Hakugeuka nyuma kwa sababu angegeuka asingeingia. Wasichana wa ng'ambo ya barabara wakainuka, wakajikung'uta vumbi, wakaenda zao. Ndani wakamwonyesha mahali pake, mashine zikawashwa, na katika kelele ile, ambamo mtu hasikii hata kikohozi chake mwenyewe, akamwita mama yake kwa sauti yake yote, akamwambia asante.

Akina mama wenzangu, tunaishukuru mikono iliyotupokea, na ni haki yake. Je, tumewahi kuushukuru ule mkono uliotuachia?